Fundi wa bomba, kampuni ndogo au kampuni kubwa: umwite nani kupiga dawa nyumbani, na kwa mdudu gani

Ukiomba namba ya watu wa fumigesheni hapa Dar utapewa namba nyingi mpaka uchoke, na katika wote watakaokupa ni nadra kumpata atakayekuuliza kwanza una mdudu gani ndani. Hapo ndo hela za watu zinapopotelea. Kampuni iliyomaliza mende kwa jirani yako inaweza kuja kwako kwenye kunguni ikafanya kazi ya bure kabisa, na wala sio matapeli, ni vile tu kunguni wanataka utaratibu wao, mende wao, mchwa ndo kabisa mambo mengine. Kwaiyo mi ulinganisho huu nimeupanga kwa mdudu, alafu bei na makaratasi vinafuata huko mbele.

Kwanza tuelewane nani ni nani, maana wanaofanya hii kazi naona wapo wa aina nne. Kuna muuza dawa wa spika, yule mwenye kimeza Kariakoo au anayepita mtaani, spika inarudia kutwa nzima dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Huyu haji kwako, anakuuzia chupa ukajipulizie mwenyewe. Kuna fundi wa bomba, anafanya kazi peke yake na bomba la mgongoni la lita 16, namba yake utaikuta imebandikwa kwenye nguzo. Kuna kampuni ndogo za hapa hapa, vijana wachache, pikipiki au kirikuu, wana TIN na leseni ya biashara na risiti wanatoa. Alafu kuna kampuni kubwa, zile zenye mikataba na mahoteli, hospitali na viwanda vya chakula, wanakuja na sare, wanakagua, wanaandika ripoti.

Usiwapange hao kama ngazi, kwamba wa chini mbovu na wa juu ndo bora. Kuna mafundi wa bomba waliofanya kazi miaka kwenye kampuni kubwa wakatoka wakajiajiri, wanajua kuliko kijana wa sare aliyeajiriwa juzi. Na kuna kampuni zina nembo nzuri na gari limechorwa mende mkubwa ubavuni ila kazi yenyewe ni kupuliza ukutani na kuondoka.

KUNGUNI

Hapa ntakaa sana maana huyu ndo anaewala watu hela kuliko wadudu wote, na ndo anaewanyima watoto usingizi, mtoto anaenda shule macho mekundu na mikono ina mabaka, mama anaona aibu kusema. Hamna aibu yoyote, kunguni anaingia nyumba ya tajiri na ya maskini, anakuja na begi la safari, sofa la mtumba, mgeni.

Sasa elewa anavyoishi maana ndo utajua nani wa kumwita. Yai la kunguni ni jeupe, lina kama milimita moja, limeganda kwenye mshono wa godoro au ufa wa chaga, na dawa nyingi zinazopulizwa haziliui. Kwa joto letu linaanguliwa ndani ya siku 6 mpaka 10 hivi. Mtoto akitoka ananyonya damu anajivua gamba, ananyonya tena anajivua, mara tano ndo anakuwa mkubwa, jumla kama wiki tano au sita. Piga hesabu: mtu amekuja leo kapuliza vizuri kabisa, wakubwa wamekufa, unalala wiki nzima unamsifia kwa kila mtu, wiki ya pili wa kwenye mayai wametoka unaanza kujikuna upya unasema dawa feki. Inawezekana kabisa dawa ilikuwa nzuri, kilichokosekana ni mtu kurudi kati ya siku ya 10 na ya 14 kuwapiga walioanguliwa kabla hawajakua wakaanza kutaga. Nyumba ikiwa imejaa sana inabidi arudi na mara ya tatu.

Kwaiyo kwa kunguni swali la kwanza kabisa kwa yeyote unaempigia ni "mnarudi mara ngapi, na hiyo bei mliyonitajia ina safari ngapi ndani yake?" Muuza spika hapo ameshatoka. Fundi wa bomba wengi wanakupa bei ya mara moja, na ukimwambia arudi anataka hela nyingine, ila ukikaa nae chini mkapatana safari mbili kabla hajaanza, na ukaona anavua godoro, anageuza kitanda miguu juu, anafungua chaga, anapuliza kwenye matundu ya skrubu, basi huyo ana thamani kuliko kampuni inayopuliza sakafu. Kunguni hakai sakafuni jamani. Anakaa kwenye mishono ya godoro, kwenye maungio ya kitanda, nyuma ya picha, kwenye mikunjo ya pazia, chini ya sofa, mpaka ndani ya soketi za umeme. Ukiona mtu anapuliza katikati ya chumba kama anamwagilia bustani mwambie asimame.

Kampuni ndogo nzuri kwa kunguni naona ndo chaguo la watu wengi, kwasababu safari ya pili wanaiweka kwenye bei na wanakupa karatasi ya maandalizi siku moja kabla. Hiyo karatasi ni kipimo kizuri sana. Kampuni isiyokwambia ufue mashuka na nguo kwa maji ya moto, utoe vitu chini ya kitanda, usihamishe godoro kwenda chumba kingine, hiyo haijui kunguni. Maji yafike kama nyuzi 60, uvuguvugu haumfanyi kitu. Na kuanika godoro juani peke yake hakutoshi, kunguni wanahamia upande wa kivuli wanakusubiri. Nguo chache ukiziweka kwenye mfuko mweusi uliofungwa ukaacha jua kali la mchana lifanye kazi hiyo inasaidia, ila godoro zima hapana.

Kampuni kubwa wana kitu kimoja ambacho wengine hawana, baadhi yao wana mashine ya mvuke. Joto linaua mpaka yai, kuanzia nyuzi 48 hivi likikaa muda wa kutosha kama saa moja na nusu hakuna kitu kinapona, na mvuke ukigusa moja kwa moja ni hapo hapo. Kama una mtoto mchanga au mtu wa pumu ndani na hutaki dawa nyingi kwenye godoro, hapa ndo kulipa zaidi kunaeleweka. Kasoro yao, wanakupangia tarehe ya wiki ijayo, na anaekuja safari ya pili sio aliekuja ya kwanza, hajui kitanda kipi kilikuwa kimejaa. Omba ripoti ya safari ya kwanza ukae nayo wewe.

Kingine cha kuuliza ni dawa za kundi gani. Dawa nyingi za majumbani ni pairethroidi, zinaigiza ile sumu ya maua ya pareto wanayolima Iringa na Mbeya, na ndo hizo hizo zinatiwa kwenye vyandarua. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania ukaonyesha kunguni wa kwenye nyumba zenye vyandarua vya dawa walishaanza kuwa sugu. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Kwaiyo fundi akikwambia "hii ni kiboko" muulize kama anachanganya na kundi lingine ama ni hiyo moja tu, na kama mwanzo uliwahi kupuliziwa ikashindwa mwambie ilikuwa ipi asirudie ile ile.

Na kwa wapangaji, nyumba yenye vyumba sita vinavyotazamana korido moja, ukipiga dawa chumba chako peke yako umepoteza. Dari ni moja, kuta zina nyufa, wanahamia kwa mama wa chumba cha pili alafu wanarudi. Mkae na baba mwenye nyumba mchange mpige siku moja vyumba vyote, na hapo kampuni ndogo huwa wanakubali kushusha bei kwa jumla, fundi pia. Mi naona baba mwenye nyumba anapaswa kuchangia, nyumba ni yake na hao wapangaji wakihama kunguni wanabaki.

MENDE

Hapa mambo ni mepesi kidogo na ndo mahali ambapo watu wanalipa zaidi ya inavyotakiwa. Angalia mende wako yupoje. Kama ni mdogo wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, anakaa jikoni kwenye mota ya friji, kwenye bawaba za kabati, ndani ya maikrowevu, huyo anazaa kwa fujo, kifuko kimoja kina mayai 30 mpaka 40 na mama anakibeba mpaka yanakaribia kuanguliwa. Kama ni mkubwa mwekundu mwekundu anaeruka, huyo anatokea kwenye chemba na mabomba ya choo, ukipiga dawa ndani huku mfuniko wa chemba nje umepasuka ni kazi ya kila mwezi.

Kwa yule mdogo, mtafute mtu anaeweka jeli. Ni vitone vidogo vidogo vinawekwa nyuma ya friji na kwenye pembe za kabati, mende anakula anarudi kwenye maficho anafia huko, wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake nao wanakufa. Huhitaji kuhama, huhitaji kutoa vyombo vyote, jikoni halinuki. Ila ukishawekewa usije ukapuliza dawa ya kopo juu yake wala kufuta na sabuni, mende wanaikimbia harufu wanaacha kuila na kazi imeharibika. Fundi wa bomba wengi hawana jeli, wana bomba tu, kwaiyo kila tatizo kwao ni kupuliza. Kampuni ndogo nyingi wanayo, na kwa nyumba ya kawaida hakuna sababu yoyote ya kumwita mkubwa mwenye mkataba wa mwaka kwa ajili ya mende wa jikoni.

Alafu kuna hawa wa mashine ya moshi. Moshi unapendeza macho, mtaa mzima unajua leo kwa fulani wanapiga dawa, ila moshi unaua kinachoruka au kilicho wazi muda ule, hauingii ndani ya nyufa vizuri na ukishatawanyika hauachi dawa ya maana nyuma yake. Mende wanakimbilia kwa jirani wanarudi baada ya wiki. Ukiona kampuni inauza moshi kama ndo huduma kuu ya mende au kunguni, ipite. Kwa mbu unasaidia siku ile, kesho wanakuja wengine, bora hela hiyo ukanunue nyavu za madirisha na ukamwage maji yaliyotuama.

MCHWA

Huku sasa ndo ambako mimi nasema usibane hela, na sitaki kuona mtu anajenga nyumba kwa jasho la miaka kumi alafu mchwa wanakula mbao za paa na fremu za milango ndani ya misimu miwili ya mvua. Wanaojenga huko Goba, Madale, Bunju, Kigamboni, Chanika, Kibaha, mnajua ninachosema, vichuguu vilikuwepo kabla yenu.

Muda mzuri kuliko wote ni kabla ya kumwaga zege la sakafu, udongo wa ndani ya msingi unamwagiwa dawa yote. Kipimo kinachotumika ni kama lita 4 mpaka 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba. Sasa hesabu ni rahisi, nyumba ya mita za mraba 100 inataka lita 400 mpaka 500. Mtu akikujia na bomba la lita 16 akajaza mara tatu nne akasema tayari, hajapiga dawa ya mchwa, amelowesha vumbi. Simama pale site au umuweke mtu hesabu madumu, hiyo ndo njia pekee maana zege likishamwagwa huwezi kuona tena kilichofanyika.

Nyumba ikiwa imeshajengwa, kazi ya kweli ni kutoboa matundu sakafuni kando ya kuta, karibu karibu kama kila sentimita 30, dawa inaingizwa chini kwa presha, matundu yanazibwa, na nje kunachimbwa mfereji kuzunguka msingi unamwagiwa. Fundi wa bomba anaepuliza ile njia ya udongo unayoiona ukutani anaua wafanyakazi waliokuwepo pale, malkia yuko chini anataga maelfu kwa siku na ana miaka mingi ya kuishi. Utafurahi mwezi mmoja.

Kwenye dawa uliza kiambato hai, yaani ile sumu yenyewe inayoua ndani ya dawa. Fiproni na imidakloprid mchwa hawazigundui, wanapita humo wanabebeana mpaka kiotani, ndo zinazofaa kwa nyumba ambayo tayari wapo. Za pairethroidi kama bifenthrini zinawafukuza, ni nzuri kama kizuizi ila ukiacha upenyo wanazunguka. Kampuni inayojua kazi itakueleza hii tofauti bila hata kufungua kitabu. Na ukiwa na kisima karibu na msingi mwambie mapema kabla hajachanganya chochote, hiyo dawa ikifika kwenye maji ya kunywa ni balaa, na kampuni ambayo haijauliza kuhusu kisima kwenye kazi ya mchwa mi nisingeipa.

Kwaiyo kwa mchwa: muuza spika hapana, fundi wa bomba hapana isipokuwa ana mashine ya kutoboa na pampu ya presha, kampuni ndogo ndio kama inatoa garantii ya maandishi yenye miaka na yenye maneno "tutarudia bure wakirudi", kampuni kubwa ndio na mara nyingi ofisi zao zitakuwepo miaka mitano ijayo garantii ikihitajika. Hilo la mwisho ndo linalonifanya kwenye mchwa niegemee wakubwa kidogo, maana garantii ya miaka mitano kutoka kwa namba ya simu tu inategemea laini isipotee.

PANYA

Kwa panya usimlipe mtu wa sumu, mlipe mtu wa kuziba matundu. Panya mdogo anapita kwenye tundu la unene wa penseli, mkubwa anahitaji sentimita mbili tu. Mtu atakaezunguka nyumba nje, akaangalia mabomba yanapoingia, chini ya milango, kwenye dari pembeni ya paa, akaziba kwa saruji na steliwaya, huyo amekutibu. Sumu nzuri inachukua siku tatu mpaka wiki kuua, panya anafia darini, unakaa na harufu na nzi, uliza kama bei yao ina kurudi kutoa mizoga. Na sumu ikae kwenye boksi linalofungwa, sio kwenye kipande cha dagaa sakafuni ambapo mtoto anatambaa na kuku anadonoa. Paka akila panya aliyekula sumu nae anaumia.

Wenzetu wa Lushoto wanajua na upande mwingine wa jambo hili, tauni, ule ugonjwa unaoletwa na viroboto wa panya, ilianza kule 1980 na ikasumbua miaka mingi. Mahali penye historia hiyo viroboto wanapigwa dawa kwanza ndo panya wanafuata, maana panya akifa kiroboto anatafuta mwenye damu mwingine, na huyo mwingine ni mtu.

MAKARATASI, NA KWA NINI MI NAYAJALI

Tanzania bara mamlaka inayosimamia hizi dawa ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020 ikachukua kazi ya ile TPRI ya Arusha tuliyoizoea. Dawa inatakiwa iwe imesajiliwa na mtu anaefanya biashara ya kupuliza awe na kibali. Kenya ni PCPB, wapo tangu sheria ya 1982, na kopo la dawa iliyosajiliwa lina namba yao kwenye lebo, kwaiyo wa Nairobi na Mombasa ninyi ombeni muone kopo lenyewe na leseni ya mwaka huu. Muuza spika hana kitu, fundi mara nyingi hana, kampuni ndogo wengine wanayo wengine "inashughulikiwa", kampuni kubwa wanayo maana mahoteli hayawapi kazi bila hiyo.

Lebo ina mstari wa rangi chini. Nyekundu ni sumu kali mno, njano ni kali, bluu inafuata, kijani ndo nafuu. Ndani ya nyumba wanapolala watoto nyekundu isiingie kabisa.

Na sababu kubwa ya kutaka kujua jina la kiambato ni hospitali. Mtoto akinywa au kuvuta dawa, daktari atakuuliza ni nini. Kama ni za jamii ya organofosfeti, kama hii dikilovosi inayouzwa sana mtaani, kuna dawa ya kuizima inaitwa atropini. Kama ni sumu ya panya ya kuzuia damu isigande, kuna vitamini K1. Ukifika na chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kimiminika cheupe ulichonunua kwenye spika, daktari anabahatisha, na mtoto wako hana muda wa kubahatishiwa. Ndo maana chupa zisizo na lebo mi nazipinga kwa nguvu zangu zote hata kama zinaua kunguni kweli. Piga picha lebo ya kila dawa inayoingia kwako, weka kwenye simu.

Alafu kuna vidonge. Vile vidonge vya kuhifadhia mahindi, aluminiamu fosfaidi, vikipata unyevu vinatoa gesi ya fosfini, na fosfini HAINA dawa ya kuiondoa mwilini. Kuna watu wanaviweka chumbani kwa ajili ya kunguni au panya, wanafunga mlango wanaenda kulala kwa ndugu, gesi inapita darini na kwenye nyufa inaingia chumba cha jirani kilicholala watoto. Falme za Kiarabu watoto wamekufa hivyo hivyo kwenye maghorofa, familia ya pembeni ndo iliweka dawa. Vidonge ni vya maghala, vinatumiwa na waliofunzwa, kwenye jengo lisilolala mtu. Kampuni, fundi, shemeji, yeyote atakaependekeza vidonge ndani ya nyumba, mazungumzo yaishie hapo na uwaambie na majirani.

BEI

Fundi anahesabu kwa chumba, kampuni ndogo kwa nyumba, kubwa kwa ukaguzi au mkataba wa mwaka, kwaiyo ukizilinganisha kama zilivyo unadanganyika. Geuza zote ziwe bei ya kazi kuisha. Tuseme fundi anataka elfu sitini safari moja na kampuni ndogo laki na nusu safari tatu. Ukiwa na kunguni utamwita fundi mara tatu hivyo hivyo, laki na themanini, na kila mara unamtafuta upya na kumbembeleza. Ukiwa na mende wa kwenye chemba wachache, elfu sitini ya fundi inatosha kabisa na hiyo laki na nusu ni ya bure. Mkataba wa mwaka unaeleweka kwa mwenye mgahawa, nyumba ya wageni, shule, stoo. Nyumba ya familia mara nyingi hauhitaji, isipokuwa garantii ya mchwa ambayo ni kitu kingine.

SIMU YA KWANZA

Wasikilize wao wanauliza nini kabla hujauliza wewe. Anaejua kazi atauliza mdudu gani, umemwona wapi, tangu lini, mlishapiga dawa gani, kuna mtoto mdogo, mjamzito, mgonjwa wa pumu, kuna paka, samaki, kisima. Paka na samaki wanadhurika vibaya na pairethroidi, tanki la samaki linafunikwa na pampu ya hewa inazimwa wakati wa kupuliza. Anaetaja bei kwenye sentensi ya kwanza anauza bomba.

We muulize haya: dawa gani na kiambato gani, anarudi lini, mnatakiwa mkae nje masaa mangapi, na baada ya hapo msideki wapi. Kukaa nje ni mpaka ikauke na nyumba ipate hewa, kwa kawaida masaa mawili mpaka manne ila lebo ndo inaamua, mjamzito na mtoto mchanga waongeze muda. Na kuhusu kudeki, kingo za ukuta ziachwe wiki mbili hivi maana dawa imekaa pale. Mtu akikwambia "ingieni tu haina madhara hata mtoto akilamba" huyo anaweza kukwambia chochote.

Kwa hiyo mimi ningefanyaje: chumba kimoja cha kupanga chenye kunguni, kampuni ndogo pamoja na majirani wote, na kama hela hamna kabisa basi fundi aliyekubali safari mbili na anaegeuza kitanda. Mende jikoni, kampuni ndogo yenye jeli. Nyumba inayojengwa au iliyoliwa na mchwa, kampuni yenye mashine ya kutoboa na garantii ya maandishi, kubwa ukiweza. Panya, fundi wa kuziba matundu kwanza, hata akiwa fundi mwashi wa kawaida. Kwenye malipo toa nusu siku ya kwanza, nusu baada ya safari ya pili, na muandikiane hata kwenye meseji kabla hawajafungua bomba. Kampuni inayokubali masharti hayo bila kununa inajua kazi yake inaisha lini, na ikikataa kuna nyingine kwenye zile namba nyingi ulizopewa.